Maneno Ambayo Mgeni Hakuyasema

Mwanangu Chepkoech,

Mambo ya blanketi, mafuta ya kupaka na jinsi ya kufunga sanduku, mama yako ameshakuambia, na najua atakuambia tena kesho mkiwa mmesimama barabarani. Mimi hapo sina la kuongeza. Sasa hivi nawasikia mko jikoni mnacheka, na mimi nimejifungia huku sebuleni nikisingizia kwamba kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nina aibu, na nimeona afadhali niiandike kuliko uende chuoni ukiwa umeibeba bila kujua ni ya nani.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha ya nyumbani, na hilo nalo lina sababu. Kwa Kipsigis mimi najua kupendeza watu. Nimezoea mno kuinua sauti pale panapotakiwa, na kuishusha pale akina mama wanapotoa leso. Kwa Kiswahili natembea polepole, nachagua neno, na uongo ukija nauona kabla haujafika.

Jumapili jioni nilikuwa mlangoni navua viatu vya gambuti, na nyinyi mkadhani sijaingia. Mama yako alikuwa ameweka Biblia juu ya nguo zako ndani ya sanduku. Wewe ukaitoa. Hukuitoa kwa hasira, ningeelewa kama ingekuwa hasira. Uliiweka mezani taratibu ukamwambia, "Wacha tu ikae hapa, mama. Huko kanisa iko, watatuambia."

Watatuambia. Neno hilo limeninyima raha wiki nzima, kwa sababu najua ulilitoa wapi. Ulilitoa kwangu.

Unajua kwamba hapa Roret hata sokoni watu hawaniiti kwa jina langu. Wananiita Mkalimani. Mhubiri akija kutoka Nairobi au ng'ambo na Kiingereza chake, mimi ndiye niliyekuwa nasimama kando yake nikigeuza maneno yake kuwa Kipsigis. Mgeni akiinua mkono, nainua. Akipiga meza, napiga. Mama yako hunicheka mpaka leo kwamba mzee mmoja alikohoa katikati ya mahubiri na mimi nikakohoa baada yake. Nilikuwa na koti langu la kazi hiyo, la kijivu, ambalo hata kwa mazishi sikulivaa. Na nilipenda sana, mwanangu, nisikufiche. Nilipenda kuona watu mia wanangoja mdomo wangu ufunguke ndipo wajue Mungu amesema nini.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Biblia yenyewe sikuwa naisoma. Nilikuwa naibeba. Mistari yote niliyoijua niliipata midomoni mwa wageni, na mtu akiniuliza andiko fulani linasema nini, nilimpa maneno ya mhubiri wa mwisho niliyemtafsiria. Nyumbani mlikuwa mnaniona nimeifungua mapajani jioni mkadhani nasoma. Mara nyingi nilikuwa nasinzia.

Sasa nikuambie habari ya shangazi yako Ruth, dada yangu anayenifuata. Sehemu unayoijua ni hii. Alirudi kwetu akitoka kwa mume wake upande wa Longisa, taya limevimba, mkononi ana mfuko mmoja. Wewe ulikuwa darasa la saba na ulimpisha kitanda chako. Wazee wa kanisa wakaketi, wakasema mke hamwachi mume, wakamweka nyuma. Unalikumbuka lile benchi karibu na mlango. Mtu aliyewekwa nyuma anakaa pale, hapewi Meza ya Bwana, haimbi na akina mama, mpaka wazee waseme. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee hao. Sikusema neno. Wenzangu wakachukulia kwamba kama kaka yake mwenyewe amenyamaza, basi mambo yako wazi.

Sehemu usiyoijua ni kwa nini nilinyamaza. Babu yako, kabla hajafa, alisema mbele yangu na mbele ya nyanya yako kwamba ile mistari ya michai ya chini ya shamba letu, inayoelekea kisimani, ni ya Ruth siku yoyote akirudi akiihitaji. Mimi nilikuwa nikiichuma tangu tulipomzika mzee. Ndiyo iliyotuezekea hii nyumba. Ruth alipoingia na mfuko wake, wenzangu waliona mke aliyemkimbia mume. Mimi niliona mistari ya chini inaondoka. Kumbe dada ambaye kanisa limemweka nyuma hana sauti ya kudai chochote hata nyumbani, na mimi nililijua hilo vizuri kuliko wote.

Halafu ikaja ile semina ya wikendi. Tulipiga hema nje kwa sababu kanisa lilikuwa dogo, akina mama wakapika tangu Ijumaa, na mgeni akaja, mzee mpole wa sauti ndogo. Siku ya Jumapili alisoma kutoka Injili ya Luka, habari ya mwanamke aliyekuwa amepinda mgongo miaka mingi, hawezi kujiinua, na Yesu akamwona akiwa anafundisha katika sinagogi, akamwita. Nilitafsiri vizuri mpaka hapo. Naweza kusema ilikuwa moja ya siku zangu nzuri.

Kisha mgeni akafunga kitabu, akaangalia kule mlangoni mwa hema, mahali tulipolihamishia lile benchi. Sidhani kuna mtu aliyemwambia lolote, nafikiri aliona tu benchi moja lina mwanamke mmoja. Akasema kwa Kiingereza kwamba kama hapa pana mwanamke aliyewekwa nyuma, Yesu anamwita. Aje sasa, aketi hapa mbele na sisi. Hakuna mtu katika kanisa hili mwenye uwezo wa kumwambia angoje. Akafungua mikono yote miwili, akasubiri mimi niseme.

Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja tu, na ndani yake nikaona yote. Nikaona Ruth anatembea katikati ya watu. Nikaona akina mama wanampokea kwa nyimbo. Nikaona kesho yake ameketi na nyanya yako jikoni wakizungumza habari ya mistari ya chini. Nikafungua mdomo nikasema kwa Kipsigis, kwa ile sauti yangu nzuri, kwamba kama pana mwanamke hapa ambaye dhambi imemweka nyuma, Yesu anamwita atubu. Awaendee wazee, awasikilize, na wakiridhika naye, siku moja ataketi mbele na sisi.

Watu wakasema amina. Mikono ya mgeni ikabaki wazi. Ruth aliiangalia ile mikono, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa. Hakusoma kupita darasa la nne na Kiingereza hakijui. Hakuja mtu. Mgeni akangoja, kisha akashusha mikono, akatabasamu, akasema anamshukuru Mungu kwamba amepata kanisa ambalo hakuna mtu aliyewekwa nyuma. Maneno hayo, mwanangu, niliyatafsiri neno kwa neno bila kukosea hata moja.

Ulikuwa umeketi mbele na watoto. Nilikuona unanikodolea macho.

Tukafika nyumbani, sijavua koti, ukanifuata hadi kwenye zizi. "Baba, mbona haukusema vile alisema? Alisema huyo mama wa nyuma akuje mbele."

"Haukusikia vizuri," nikakuambia. "Hicho Kizungu cha mgeni ni cha juu. Si cha darasa la saba."

"Lakini alisema come. Hata mimi najua come."

"Chepkoech! Bibilia iko na watu wake. Wewe ngoja ukue."

Ukaangalia chini. Kisha ukasema, "Sawa, baba. Labda sikusikia."

Ningekupiga kofi siku ile ingekuwa afadhali. Kofi ungelisahau, au ungelikasirikia. Mimi nilikufanya usiamini masikio yako mwenyewe, na ulikuwa umesikia sawasawa, kila neno. Toka siku hiyo uliniletea kila andiko. "Baba, hii inamaanisha nini?" Nami nilikaa kitini nikafurahi, nikajiona mzazi ambaye mtoto anamheshimu. Hata shule ya upili ulikuwa unakariri maelezo ya mwalimu wa somo la dini yalivyo, ukapata alama nzuri, nikajigamba kwa majirani. Sikuona kwamba mtoto aliyejua kusikia alikuwa ameacha kusikia.

Ruth aliondoka wiki iliyofuata. Ulilia. Nilikuambia amepata kazi Soin.

Ungedhani baada ya hapo sikulala. Nililala vizuri tu. Watu husema dhamiri inasumbua, yangu ilikuwa inakoroma. Kilichoniamsha ni jambo dogo la mwaka jana. Binti wa jirani alirudi kwao vilevile, na wazee wakataka awekwe nyuma kama Ruth. Huyu mchungaji wetu mpya, kijana, akasema ni sawa, lakini yeye mwenyewe aonyeshwe kwanza andiko ambalo tulilitumia kwa Ruth. Wote wakanigeukia. Mkalimani atalileta, wakasema, na mimi nikajibu kwamba hilo si kazi.

Nikaanza kulitafuta. Nilikuwa na hakika liko, kwa sababu nililitamka mara nyingi kwa mikono yangu yote miwili. Nilibeba Biblia hata kwenye kituo cha kununulia chai, nikawa nasoma nimekalia gunia tukingoja lori la kiwanda, mpaka watu wakadhani nimeokoka upya. Nilipata mahali Paulo anaposema mke asimwache mume. Nikafurahi, nikatia kijiti cha kiberiti pale. Kesho yake nikasoma yanayofuata, nikakuta papo hapo anakiri kwamba kuna mke anayeondoka na kumwambia la kufanya, kisha anamwambia mume naye asimwache mke. Mambo ya kumtenga hayamo. Benchi la nyuma sikulipata popote, na nilitafuta kama mtu aliyeangusha funguo.

Nikawa na hasira na kitabu. Nikafikiri labda ni hii ya Kiswahili, nikachukua ya Kipsigis ya nyanya yako, nikaazima na ya Kiingereza kwa mchungaji. Nikaziweka zote tatu mezani. Hapo ndipo nilipoanza kusoma, mwanangu, nikiwa na mvi, na nilianza kwa kutafuta silaha ya kumpigia mtoto wa mtu. Sikuambii hili ili uone nilivyo mcha Mungu. Nakuambia ili ujue kwamba mtu anaweza kuanza vibaya na bado kitabu kikamshika.

Kwa hiyo ukikuta mstari unaokupendeza mno, unaosema hasa kile ulichotaka kufanya tangu jana, usifunge hapo. Mimi pale ndipo nilipopenda kufunga. Rudi juu, anza mwanzo wa sura, uone ni nani anayesema na anamwambia nani, na kwa nini wamekasirika. Soma taratibu hata kama wenzako wanasoma haraka na kupiga mistari rangi. Ukiona neno hulielewi, liache likusumbue siku mbili kabla hujamuuliza mtu. Ukimuuliza, muulize amelipata wapi. Mtu mkweli atakuonyesha mahali, na anayekukasirikia kwa kuuliza, ujue nilikuwa kama yeye.

Mwishowe nilirudi kwa Luka. Niliikwepa ile sura siku nyingi, nikijiambia naijua. Nilipoisoma nikakuta mambo ambayo nilikuwa nimeyatafsiri bila kuyasikia. Yule mwanamke hakuomba kitu. Hakuenda mbele kulia. Alikuwepo tu, akaonwa, akaitwa. Na kuna mkuu wa sinagogi pale, ambaye mimi siku zote nilimpa sauti ya kuchekesha watu wacheke. Anakasirika kwamba ameponywa siku ya Sabato. Lakini angalia anamwambia nani. Hamwambii Yesu. Hamwambii mwanamke. Anaugeukia umati, anawaambia waje siku nyingine. Anasimama katikati, anageuza maneno.

Niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Halafu Yesu anawauliza habari ya ng'ombe, kama hawamfungui siku ya Sabato wakampeleka kunywa maji. Chepkoech, unajua ninachofanya kila Jumapili kabla ya kuvaa lile koti. Namfungua ng'ombe nampeleka kisimani. Napita katikati ya ile mistari ya chini nikimpigia mluzi. Miaka yote hiyo ng'ombe wangu alikuwa anafunguliwa Jumapili na dada yangu amefungwa. Sura ile inasema kwamba wote waliompinga walitahayari. Nimesoma mahali hapo kwa lugha zote tatu, na katika zote tatu nimo.

Nilimwambia mchungaji kwamba andiko halipo. Yule binti wa jirani hakuwekwa nyuma. Wazee walidhani nimezeeka. Lakini kwa nini halipo kwa huyu na lilikuwepo kwa Ruth, hakuna aliyeuliza, nami sikusema.

Mwezi uliopita nilipowaambia naenda kutafuta mbegu ya mahindi, nilienda Soin. Nilimkuta Ruth sokoni, ana meza ya nyanya na vitunguu, amenenepa kidogo, amekuwa mweusi kwa jua la kule. Alinipa kiti akaendelea kuhudumia watu. Nilipomaliza kuzungukazunguka na habari za mvua nikamwambia kwamba siku ile ya semina sikusema alichosema mgeni.

"Nilijua," akasema. Alikuwa anapanga nyanya. "Mikono yake ilikuwa inaniita, na wewe ulikuwa unanifukuza. Nilijua mmoja wenu anadanganya, na mzee wa watu hakuwa na sababu."

Nilitaka anitukane, ningejua la kufanya na matusi.

"Sasa yeye alisema nini?" akaniuliza. "Hiyo ndiyo sijawahi kujua."

Basi nikamwambia. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki, bila koti, watu wanapita na vikapu, nikamtafsiria dada yangu maneno yote ya mgeni, kwa Kipsigis, kwa sauti ndogo. Aje sasa. Aketi mbele na sisi. Hakuna mwenye uwezo wa kumwambia angoje. Alisimama na nyanya mkononi mpaka nikamaliza. Akaniambia, "Sema tena." Nikasema tena. Alifuta macho kwa kiganja, na mteja akaja akauliza vitunguu, akamuuzia.

Hakuniambia amenisamehe, na sikuuliza. Nilimwambia ile mistari ya chini ni yake kuanzia sasa, kama mzee alivyosema, na nitalisema hilo mbele ya ukoo. Akaniuliza kama angalau nimekuwa naipogoa. Nikamwambia ndiyo. Akasema ataona.

Ninayokuomba si makubwa. Siwezi kukulazimisha kubeba Biblia, wala sitaificha ndani ya nguo zako kama mama yako anavyopanga kufanya. Ukiamua huitaki kwa kuwa umeisoma ukaona huitaki, hiyo itakuwa juu yako na Mungu, na nitakuheshimu huku naumia. Lakini usiiache kwa ajili yangu. Usiseme watatuambia. Huko uendako kuna watu wenye makoti mazuri kuliko langu na sauti nzuri kuliko yangu, na baadhi yao wana mistari ya chini wanayoilinda ambayo wewe huwezi kuiona. Na hii barua pia usiiamini hivihivi. Fungua ile sura ya kumi na tatu ya Luka uone kama nimekupa yaliyomo, au nimeongeza yangu tena. Ukikuta nimeongeza, nipigie uniambie. Sitakuambia ungoje ukue.

Limebaki jambo moja. Kanisani bado hawajui. Nimesimama mara mbili nikitaka kusema, na mara zote mbili nikajikuta naomba watu wakumbuke usafi wa choo. Ni woga, hauna jina lingine. Wale watu waliniamini. Mama yako mwenyewe atalisikia pale, maana hata yeye sijaweza kumwambia, na najua atakavyoniangalia.

Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza. Wewe ukishajua, sina tena pa kujificha. Jumapili hii nitasimama mbele. Nimemtumia Ruth ujumbe kwamba nitasema, akajibu kwamba atafikiria kuja. Akija atakaa benchi analolitaka. Nitasema yote, nilichosikia, nilichosema badala yake, na mistari ya chai iliyonifanya niseme hivyo. Nitasema kwa Kipsigis, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, ili asihitajike mtu mwingine wa kusimama kando yangu.

Ni mimi,
baba yako.